Uliza Anko: Tukutane wapi tukiuziana bunduki?

Toleo lililopita nilimjibu kijana mmoja aliyeuziwa gari bovu kwenye paking ya supamaketi, nikasema kuuziana vitu mtu kwa mtu kuna adabu zake, na adabu ya kwanza ni mahali pa kukutania. Basi barua zikaanza kumiminika, na nyingi zinatoka kwa watu wetu walioko Marekani, wananiambia Anko umetaja gari, umetaja simu, umetaja makochi, mbona bunduki umeiruka na huku kwetu ndo mtu anauza kama anavyouza baiskeli. Kweli niliruka. Niliruka kwa sababu msomaji wa Morogoro akisikia habari hiyo anadhani nimechanganyikiwa, lakini mimi mwenyewe naishi Texas mwaka wa kumi na tisa huu, naenda kuwinda paa kila Novemba, na aibu iliyonipata kwenye mambo haya nitaisimulia hapo chini. Haya, tujibizane.

Anko shikamoo. Niko Dallas, naendesha lori, raia tayari. Kuna mzee yuko Little Rock, Arkansas, anauza raifo ya kuwindia na bastola, vyote kwa bei nzuri. Yeye anasema tukutane katikati, Texarkana, pale posta iliyojengwa juu ya mpaka, eti yeye asimame upande wake wa Arkansas mimi nisimame wangu wa Texas, tupeane mkono na mzigo, kila mtu arudi kwao. Naona kama amefikiria vizuri ila moyo unasita. — Dereva, Dallas

Marahaba mwanangu. Moyo wako una akili kuliko huyo mzee.

Hiyo posta naijua, nimepiga picha pale kama kila mtu, mguu mmoja Texas mguu mwingine Arkansas, jengo la posta na mahakama ya shirikisho limekalia mstari wenyewe. Pazuri kwa picha. Kwa bunduki, sidhani kama ungezunguka nchi nzima ungepata pabaya zaidi ya hapo. Kwanza ni mali ya posta, na kanuni za posta zinakataza silaha mpaka kwenye paking yao, watu wamepelekana mahakamani miaka na miaka kwa jambo hilo na wewe hutaki kuwa kesi inayofuata. Pili ndani mna mahakama, yaani mnaenda kupeana bastola mlangoni kwa jaji.

Ila hilo la posta ni dogo. Kubwa ni kwamba mzee anadhani sheria inaangalia mtu amesimama wapi. Haiangalii miguu yako, inaangalia unakoishi. Sheria ya shirikisho ya kudhibiti silaha ya 1968 inasema mtu asiye na leseni ya biashara ya silaha haruhusiwi kumuuzia mtu mwingine asiye na leseni anayeishi jimbo lingine, basi. Msimame kwenye mstari, mkae kwenye mtumbwi katikati ya mto, mpande puto, wewe bado ni wa Texas na yeye bado ni wa Arkansas. Mkiuziana kienyeji hapo mmevunja sheria wote wawili, na mzee wa watu anaweza hata asijue kwamba ameivunja, maana huko kwao akimuuzia jirani yake wa Little Rock hana tatizo, amezoea.

Sasa fanya hivi. Bastola aipeleke kwenye duka la bunduki lenye leseni huko kwao, duka litume kwa duka lenye leseni hapo kwenu Dallas, wewe unaenda kaunta, unajaza fomu 4473, ile karatasi ya serikali ambayo kila anayenunua bunduki dukani anaijaza, wanakupitisha kwenye mfumo wa FBI wa kuchunguza wanunuzi ambao umeanza kazi mwishoni mwa 1998, jibu mara nyingi linarudi ndani ya dakika chache, saa ingine wanasema subiri, unasubiri. Raifo ni nafuu kidogo, bunduki ndefu unaweza kuichukulia kwenye duka lenye leseni la jimbo lolote kati ya hayo mawili ilimradi sheria za majimbo yote mawili zinaruhusu, kwa hiyo kama mnataka kweli kukutana uso kwa uso na safari ya maili kama 180 huioni tabu, kutaneni dukani Texarkana, ndani, mbele ya kaunta. Duka litachaji, kwa kawaida dola 25 mpaka 50 kwa kazi hiyo, na kwa desturi anayelipa ni mnunuzi, kwa hiyo usianze kumwambia mzee wa watu mgawane.

Halafu kuna kitu cha adabu hapo watu hawakijui. Usiende tu kwenye duka la mtu na kumwambia tumekuja kuuziana hapa kwako. Piga simu kabla, uliza wanafanya kazi ya kuhamisha umiliki, uliza bei yao, uliza siku gani hawana watu wengi, Jumamosi asubuhi duka la bunduki Texas limejaa kama kinyozi siku ya sikukuu. Na ukifika usiingie umeshika bunduki mkononi. Iwe kwenye begi lake, haina risasi, chemba tupu, unaiacha garini kwanza, unaingia mikono mitupu unasema mimi ndo yule niliyepiga simu, nina bunduki kwenye gari niilete? Watakwambia ilete, au watatoka wenyewe. Yule jamaa wa kaunta naye ana bastola kiunoni na hakujui, mtu mgeni akisukuma mlango na mtutu mkononi unataka afikirie nini?

Mzee akikataa duka, akikwambia hizo ni gharama za bure, muage kwa heshima. Mtu akikataa mahali pazuri bila sababu ameshakujibu swali ambalo hujamuuliza.

Anko, mimi ni mwanamke, mume wangu alifariki mwaka jana, tuko Columbus, Ohio. Ameacha bastola moja na shotigani kabatini, mimi siwezi hata kuzitazama. Rafiki yake aliweka tangazo kwa niaba yangu na kuna mwanaume amepiga simu anataka aje nyumbani azione zote "na kama kuna ingine". Nina watoto watatu. Nimwambie aje saa ngapi? — Mama wa watatu

Dada yangu, pole sana kwa msiba. Asije saa yoyote.

Nyumbani ni mahali ambapo kila mtu wa kwanza anapafikiria, maana kwetu mgeni anakaribishwa ndani, anakalishwa, anawekewa maji, ndo anasema shida yake. Kumwambia mtu tukutane barabarani kunaonekana kama kumfukuza. Naelewa. Lakini huyo mtu akishaingia ameshajua mambo manne kwa mpigo: unakaa wapi, huna mwanaume ndani, silaha zinakaa kabati lipi, na mlango wa nyuma ukoje. Na lile neno lake la "kama kuna ingine" silipendi hata kidogo, muuza mchicha ndo anaulizwa kama una ingine, wewe umeweka tangazo la vitu viwili. Hata kama ni mtu mwema kabisa, na wengi ni wema, muungwana hamuombi mjane asiyemfahamu kuingia chumbani kwake. Angekuwa na adabu angesema yeye mwenyewe, mama, chagua mahali unapoona salama mimi nitakuja.

Tena mwambie huyo rafiki atazame zile picha za tangazo. Mara nyingi mtu anapiga picha bunduki kitandani, nyuma yake kuna dirisha, nje kuna namba ya nyumba ya jirani, picha yenyewe ina lokesheni ndani yake. Azitoe apige upya juu ya kitambaa cheupe.

Kabla ya kuuza, mali ya marehemu ni ya mirathi, kwa hiyo kama hilo halijakamilika muulize mwanasheria au mahakama ya mirathi ya kaunti yenu kwanza, isije ndugu akaja kudai. Likiwa sawa, mimi kwa hali yako nisingeuza mtu kwa mtu kabisa. Ohio mtu binafsi halazimiki kumpeleka mnunuzi dukani kuchunguzwa, ni kweli, lakini kutolazimika siyo sababu ya kujibebesha. Piga simu duka la bunduki la karibu, sema mume wangu amefariki nina silaha mbili sijui kuzishika. Wamezoea simu hizo kuliko unavyodhani. Kuna maduka yananunua papo hapo, bei itakuwa chini, na kuna yanayokuwekea rafuni wanakuuzia wao halafu wanakata asilimia yao, ukifanya hivo wewe hukutani na mnunuzi hata mmoja. Na kama hujui kama zina risasi usiziguse kabisa, wala usimwambie mtoto mkubwa azitoe. Mtafute shemeji au rafiki wa marehemu anayejua, aziondoe risasi, azifunge kwenye begi, risasi ziende begi lingine, azipeleke kwenye buti la gari pamoja na wewe.

Huyo mwanaume mwandikie meseji fupi tu: zimeshapelekwa dukani, asante. Huna haja ya kumweleza zaidi.

Anko mambo. Mimi na jamaa yangu tunakaa Irving hapa hapa Texas, wote wa jimbo moja, wote greenkadi, ananiuzia shotigani ya kuwindia bata. Hatujuani sana, tumekutana kwenye tangazo. Sheria inaturuhusu, nimeangalia. Sasa paking gani ni poa? Sheli? Supamaketi? Nyuma ya gym? — Mwindaji mpya

Poa mdogo wangu. Hapa ndo nisimulie yangu.

Miaka kadhaa nyuma niliuza Remington 870, shotigani ya kusukuma, nzuri tu, nilikuwa nimechoka nayo. Begi lake nilishaliuza peke yake wiki moja kabla, ujinga mtupu, kwa hiyo siku ya kukutana nikachukua kanga ya mke wangu nikaiviringisha, nikaweka kiti cha nyuma, nikaenda paking ya supamaketi moja kubwa saa kumi na moja jioni siku ya kazi, saa ambayo kila mama wa mtaa ule anatoka kununua maziwa. Mnunuzi akafika. Kijana mzuri, mpole. Nikafungua mlango, upepo wa Texas mnaujua, ukainyanyua kanga yote juu, HASIDI HANA SABABU ikawa inapepea kama bendera na chini yake mtutu mrefu mweusi unatokeza kwenye mlango wa gari. Mama mmoja mwenye toroli akasimama. Hakupiga kelele, alirudi nyuma tu taratibu na simu sikioni.

Polisi walifika gari mbili. Hawakutukamata, hatukuwa na kosa, lakini dakika kama arobaini tulikuwa tumeweka mikono juu ya boneti ya gari tunaelezea, watu wanapita wanatuangalia, na mimi mtu mzima na mvi zangu namwelezea askari kwa nini bunduki yangu imevaa nguo. Yule kijana alipoachiwa aliingia garini kwake akaondoka hata hakuaga, na simu yangu hakupokea tena. Kanga niliirudisha nyumbani na hadi leo nikitoka na kitu kirefu naulizwa kama nimeomba ruhusa ya kanga.

Kwa hiyo ukiniuliza paking gani ni poa nakwambia kwanza fikiria yule mama wa toroli. Nyinyi wawili mnajua mnachofanya, yeye hajui. Adabu ya mahali pa kukutania siyo kati yenu tu, ni ya watu wote watakaowaona. Sheli watu wanaingia na kutoka haraka, tena sheli ndo mahali pa kuporwa, mtu amesimama na kesh mfukoni na bunduki mkononi na barabara kuu iko hapo. Nyuma ya gym sijui umeitoa wapi, nyuma ya kitu chochote usiende. Supamaketi nimeshakwambia.

Pazuri ni uwanja wa shabaha. Pale kila mtu amekuja na bunduki, hakuna anayeshtuka, kuna mtu wa zamu anayesimamia, mnaingia mnailipia meza, unaipiga risasi chache uone kama inafanya kazi, ikikataa kufyatua mnajua palepale. Waulize tu kabla kama wanaruhusu watu kuuziana kwao, wengine hawapendi. Pa pili ni duka la bunduki au la vifaa vya uwindaji, na hapo tena omba ruhusa, maana kwenda kufanya biashara yako kwenye paking ya mtu anayeuza kitu kilekile ni kama kupanga nyanya zako mbele ya genge la mwenzio. Mkiingia ndani mkalipa ile dola 25 au ngapi, mkapitishia kwake, anakuwa rafiki. Mimi toka siku ya kanga sijauza kwa njia ingine. Sheria ya Texas hainilazimishi, najilazimisha mwenyewe, kwa sababu mimi sina mashine ya kujua kama mtu aliyesimama mbele yangu amefungwa huko nyuma au amempiga mkewe, na ukimuuzia mtu unayejua au una sababu ya kuhisi haruhusiwi, hilo ni kosa lako wewe.

Kuna watu watakwambia nendeni kituo cha polisi, kuna ile sehemu imechorwa mistari na kamera juu. Ni wazo zuri kwa simu na viti vya watoto, vituo vingi viliweka hizo sehemu kwa ajili hiyo hasa, lakini vingi vinakataza silaha hapo. Piga simu ya kawaida ya kituo, siyo 911 ya dharura, uliza. Wakisema hapana ni hapana.

Na angalia shule. Kuna sheria ya shirikisho ya 1990, Mahakama ya Juu ya Marekani iliipiga chini 1995 na Bunge likairudisha mwaka uliofuata, inakataza kuwa na bunduki ndani ya futi 1000 kutoka shuleni, hiyo ni kama mita 300, isipokuwa mambo fulani kama haina risasi na imefungwa kwa kufuli ndani ya boksi, au una leseni ya silaha ya jimbo. Sasa wewe unataka kuitoa kwenye boksi umwonyeshe mtu, na mjini kila kona ina shule, ya chekechea nayo huioni. Fungua ramani kabla ya kutuma lokesheni.

Siku yenyewe mchana, jua linawaka. Mwambie unakuja na gari gani rangi gani. Ukija na mtu mwambie kabla, tunakuja wawili, usimtokee mtu na wanaume watatu kwenye kiti cha nyuma, hata kama ni shemeji zako wamekuja kushangaa. Bei mmalizane kwenye simu, kufika pale ukaanza eti nina mia mbili tu ni tabia mbaya kwenye kitu chochote na kwenye bunduki ni mbaya zaidi, kwa sababu mtu akianza kukasirika hapo katikati yenu kuna nini? Kesh ihesabu nyumbani uiweke kwenye bahasha. Muuzaji ndo anaitoa kwenye begi, anaifungua chemba, anatazama, anaweka kidole ndani kuhakikisha, anakupa ikiwa wazi hivohivo, na wewe ukiipokea unatazama tena hata kama umemwona akitazama, hakuna anayechukia. Mtutu chini au kwenye ukuta usio na mtu. Kidole mbali na kifyatulio. Risasi, kama anakuongezea boksi, zinahamia gari lingine baada ya bunduki, siyo pamoja nayo.

Akikuomba kitambulisho usinune. Wauzaji wengi Texas wanataka kuona leseni ya udereva ya jimbo, na wengine wanataka leseni ya kubeba bastola, ingawa toka Septemba 2021 mtu anaweza kubeba bila hiyo leseni, kwa sababu mwenye nayo ameshachunguzwa. Ni haki yake kukataa kuuza. Na karatasi ya kuuziana andikeni, nakala mbili, jina, tarehe, aina, na ile namba iliyochongwa kwenye chuma. Watu wanaona kama ushamba. Sikiliza bunduki inavyofuatiliwa: ikiokotwa kwenye tukio, polisi wanawasiliana na ofisi ya ATF, idara ya serikali kuu inayosimamia silaha, iliyoko Martinsburg, West Virginia, wao wanapiga kiwandani, kiwanda kinataja msambazaji, msambazaji anataja duka, duka linatoa fomu, na kwenye fomu kuna jina la mtu wa kwanza kuinunua. Njia inaishia hapo, rejista ya wamiliki haipo, sheria ya 1986 imekataza serikali kuu kuitengeneza. Kwa hiyo kama muuzaji ndo aliyeinunua dukani, anayegongewa mlango ni yeye, na anachokuwa nacho mkononi siku hiyo ni ile karatasi tu.

Anko, kanisa letu hapa Louisville, Kentucky, lina paking kubwa na Jumamosi hakuna ibada. Mzee mmoja wa kanisa anasema tutumie hapo, Mungu anaona, hakuna atakayedanganya. — Baba Mkongomani

Ndugu yangu, Mungu anaona na sheli pia.

Paking ni ya kanisa siyo ya mzee, na Jumamosi hakuna ibada lakini kuna mazoezi ya kwaya, kuna watoto wa mpira, kuna akina mama wanapika kwa ajili ya harusi. Mchungaji akiulizwa kesho na bima ya jengo atasema nini? Makanisa na misikiti Marekani yameshambuliwa kwa risasi, watu wamekufa wakiwa wamepiga magoti, kwa hiyo mtu akiona bunduki kwenye uwanja wa ibada hawazi biashara. Lakini zaidi naona mzee anatumia kanisa kama dhamana, kwamba kwa vile tuko hapa basi hatuhitaji kuulizana maswali. Mahali patakatifu hapachunguzi mnunuzi. Duka la bunduki, pamoja na uchafu wa zulia lake, linachunguza.

Mimi mwanafunzi, viza ya F-1, niko St. Cloud, Minnesota. Msela wangu, raia, ananunua bastola kwa mtu, anataka nimsindikize na nishike hela, na akiipata anasema nami nitakuwa naitumia tumia. Kuna shida? — Msomi

Iko, tena tatu. Mtu wa viza ya muda kama yako kwa kawaida haruhusiwi kumiliki wala kushika silaha wala risasi, kuna misamaha michache kama mwenye leseni halali ya uwindaji ya jimbo lakini hilo umuulize mwanasheria wa uhamiaji siyo mimi na siyo msela. Kumsindikiza mtu siyo kosa, ila ukishaipokea tu ili "uione uzito" umeshashika, na picha umepigwa. Pili, kama hela unayoshika ni yako na bastola itakuwa yako kwa kificho, huyo raia amekununulia wewe kwa jina lake, na hiyo toka 2022 ina kifungo kinachofika miaka 15. Tatu, Minnesota toka tarehe 1 Agosti 2023 bastola mtu kwa mtu inataka mnunuzi awe na kibali cha kununua au cha kubeba na wajaze karatasi, au wapitie dukani. Kama huyo muuzaji hajamuuliza msela kibali, waache wenyewe huko. Baki maktaba.

Anko, mimi niko Mwanza, nimesoma magazeti nikaona watu wanauziana hivo huko. Nina gobore la babu, naweza kukutana na mtu Igoma pale stendi? — Mjukuu

Mjukuu, hapana! Tanzania tuna sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya 2015, silaha ni ya aliyeandikwa kwenye leseni na haihami mkono bila polisi. Kenya nako ni hivohivo, kuna sheria yao sura ya 114 na bodi ya leseni. Kama gobore la babu halina karatasi, usilibebe wewe kulizungusha mjini, nenda kituoni mikono mitupu, ukiwa na mwenyekiti wa mtaa kama unaogopa, waeleze lipo nyumbani mahali fulani, waache wao waseme linafikaje. Mahali pa kukutania kwako ni kaunta ya polisi.

Yule dereva wa Dallas ameniandikia tena wakati naandaa kurasa hizi. Mzee wa Little Rock alikubali duka. Bastola imetumwa, raifo wamekutania Texarkana kaunta ya duka, mzee kaja na mkewe na mfuko wa karanga za kuchemsha za njiani, wakasubiri jibu la mfumo wakila karanga. Kumbe hakuwa mjanja, hakujua tu. Baadaye wakaenda posta wakapiga picha, bunduki ikiwa imefungwa kwenye gari na gari likiwa limebaki dukani.